Tupeane uzoefu: kompyuta imeamka, vifaa vya USB vimebaki usingizini

Mlinda Faili
Wakuu salaam. Leo mkutanoni mwenzetu kafungua laptopu iliyokuwa imelala, akaanza kuongea, tunaona midomo inacheza na sauti hakuna. Maikrofoni yake ya USB taa inawaka, kwenye orodha ya vifaa ipo, lakini imekufa ganzi. Kachomoa, kachomeka tena, ikarudi. Nikakumbuka habu yangu, kile kigawanyio cha poti za USB, na visa vyake. Najua humu siko peke yangu. Semeni, kifaa gani kiligoma kuamka na mlikitibuje? Windows, Linux, zote karibuni.

Kibodi Nyeusi
Herufi ya kwanza ya nywila! Kompyuta ikikaa kimya kidogo tu, ile herufi ya kwanza ninayobonyeza inamezwa, nywila inakataliwa. Kumbe mfumo umeilaza kibodi, na ule mbonyezo wa kwanza kazi yake inaishia kuiamsha. Kibodi yenyewe nzima kabisa.

Tulizana
Hii hii. Na mausi yangu haiamki kwa kusogezwa mpaka nibofye.

Bi Terminali
Tulizana, mausi nyingi za mwanga huzima jicho zikilazwa. Mwendo haziuoni, kitufe ndicho kinachobaki macho. Kwenye Linux ingia /sys/bus/usb/devices, tafuta kifaa chako, soma faili la power/control. Likisema auto, mfumo una ruhusa ya kukilaza. Andika on, hakilali tena. Kwa kawaida kerneli, yaani kiini cha Linux, yenyewe hulaza habu tu na kuviacha vifaa vingine, kwa hiyo ukikuta kila kitu kiko auto, kuna programu imepita hapo. Mara nyingi ni powertop, programu ya kubana umeme, iliyoendeshwa na --auto-tune.

Fundi Waya
Mnajisumbua na kifaa kimoja kimoja. Zima yote. Linux weka usbcore.autosuspend=-1 kwenye amri za kuwashia kerneli, hiyo autosuspend ndiyo inayolaza vifaa. Windows nenda mipangilio ya umeme, zima kulazwa kwa USB, halafu Device Manager, kila USB Root Hub fungua ukurasa wa umeme, ondoa tiki inayoruhusu kompyuta kuizima. Nimewafanyia wengi, printa zao zinachapa.

Betri Kwanza
Fundi, hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Kifaa cha USB 2.0 kikiwa kazini kinaruhusiwa kuvuta hadi mA 500. Waya ikinyamaza kwa milisekunde 3, kinatakiwa kijilaze na kushuka hadi mA 2.5. Huo ni umeme mwingi unaoutupa. Na kwenye mashine za zamani hasara ilikuwa kubwa kuliko hiyo, maana kidhibiti cha USB kilikuwa kinasoma ratiba yake kwenye memori bila kupumzika, prosesa nayo ikakosa nafasi ya kuingia usingizi mzito. Kipanya kimoja kiko macho, mashine nzima inakesha.

Fundi Waya
Nadharia hiyo. Mtu ana kazi ya kuchapa asubuhi, wewe unamhesabia miliampia?

Betri Kwanza
Namhesabia kwa sababu ni betri yake. Kikorofi ni kimoja, kizuie hicho hicho, vingine viache vilale. Kuna haja gani ya kukesha vyote?

Kibodi Nyeusi
Naunga mkono kizuiwe kimoja.

Mkusanya Sauti
Wakuu, nyie mnaongelea kuchomoa na kuchomeka. Ngoja niwape la kwangu, maana mada hii imenigusa penye kidonda.

Nilikuwa narekodi mahojiano na wazee kwa ajili ya utafiti. Kinasa sauti kinaandika kwenye kadi ndogo, na nilikuwa na kadi mbili zinazofanana, ukubwa mmoja, mtengenezaji mmoja. Kadi ya jana iko kwenye kisomeo cha USB, kisomeo kiko kwenye laptopu ya Linux, nanakili. Nikafunga kifuniko, mashine ikalala, nikatoka. Mwenzangu akaja na kadi ya siku ile, akaona kisomeo kimetulia na taa imezima, akatoa ile akaweka hii. Nani angemlaumu? Mashine imelala.

Nikarudi, nikafungua. Hakuna ujumbe wa kifaa kipya. Dirisha la mafaili liko vilevile na majina ni ya jana. Nikabofya faili moja nisikilize. Jina linasema ni bibi aliyekuwa akitueleza habari za ukame. Sauti inayotoka ni ya mzee mwingine kabisa, inaanzia katikati ya sentensi, inakwaruza, inakatika. Nikasikia baridi mgongoni. Nikiwa bado nashangaa, ile kazi ya kunakili na kupanga mafaili ikaendelea yenyewe, mfumo ukaandika orodha yake ya zamani juu ya kadi mpya.

Nilipoitoa na kuirudisha, kadi ya siku ile ikawa takataka. Majina ya jana, ukubwa wa jana, ndani mna vipande vya leo. PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili, ikaokoa rekodi kadhaa, bila majina wala mpangilio, nikakaa nikisikiliza kila kipande nimtambue nani anaongea. Mzee mmoja hatukumpata tena, na mahojiano naye hayakurudiwa kamwe.

Tulizana
Pole sana ndugu yangu. Hilo la mzee limeniuma.

Fundi Waya
Mnaona sasa? Kerneli gani hiyo inashindwa kujua kadi imebadilishwa? Huo ni ubovu wa Linux, usipambwe.

Bi Terminali
Pole sana, Mkusanya Sauti. Lakini Fundi, usikimbilie kusema ubovu. Kompyuta ikilala, poti nyingi hukatiwa umeme. Ikiamka, kwa macho ya USB kila kifaa ni kama kimechomolewa na kurudishwa. Kerneli ingelichukulia hivyo neno kwa neno, diski ya nje uliyokuwa unaifanyia kazi ingepotea chini ya miguu yako kila ukifungua kifuniko, na anayeendesha mfumo mzima kutoka kwenye flashi angekwama hapo hapo. Ndiyo maana kuna kitu kinaitwa persist. Ikiamka, kerneli inakiwasha kifaa upya, inasoma utambulisho wake, ukilingana na wa mwanzo inaendelea pale ilipoishia. Kisomeo kilikuwa ni kile kile, kwa hiyo utambulisho ulilingana. Kilichobadilika ni kadi iliyo ndani, na hiyo haimo kwenye utambulisho wa kisomeo. Nyaraka za kerneli zenyewe zinaonya juu ya hali hii hii.

Fundi Waya
Onyo liko kwenye nyaraka, mwenzake alisimama mbele ya kisomeo. Atalionaje?

Bi Terminali
Hapo una haki, na nakubali. Kwa visomeo vya kadi, andika 0 kwenye power/persist ya kifaa. Mashine ikiamka, kadi itahesabiwa mpya. Lililo bora zaidi ni kuishusha kadi (unmount) kabla ya kufunga kifuniko, hapo kerneli haibaki na orodha yoyote ya zamani.

Begi Moto
Mimi shida yangu ni kinyume chenu, vifaa vinaamka mno. Nafunga laptopu, natia begini, nikifika naitoa imechemka kama pasi na betri iko ukingoni. Kipokezi cha mausi isiyo na waya kilibaki kwenye poti, begi likitikisika mausi inabofywa, kompyuta inaamka. Kwenye Windows powercfg /lastwake ilinitajia mhusika, na powercfg /devicequery wake_armed ikanipa orodha ya vyote vyenye ruhusa ya kuamsha. Nikakinyima ruhusa kipokezi, nikaiacha kibodi.

Betri Kwanza
Safi. Kifaa hakiwezi kuamsha kompyuta mpaka chenyewe kiseme kina uwezo huo na mfumo ukiruhusu. Kwenye Linux ruhusa hiyo iko faili la power/wakeup, andika disabled humo.

Kibodi Nyeusi
Wengine toeni tu kipokezi kwenye poti, yaishe.

Mlinda Faili
Asanteni wakuu. Turudi kwenye habu yangu basi. Ina diski ya nje, kamera na kibodi, haina waya wake wa umeme. Mashine ikiamka, dmesg (amri ya kusoma ujumbe wa kerneli) inasema device descriptor read/64, error -71, inarudia, kisha diski haionekani. Nizime autosuspend au nizime persist?

Fundi Waya
Zima autosuspend.

Bi Terminali
Usiguse persist, haihusiani.

Betri Kwanza
Mkuu, usizime chochote kwanza. Error -71 maana yake mazungumzo kwenye waya yameharibika. Ingekuwa -110 ningesema kifaa kimechelewa kujibu. Habu isiyo na umeme wake inagawana umeme wa poti moja, mA 500 kwa USB 2.0, na diski inapoanza kuzunguka ndipo inavuta zaidi kuliko wakati wowote. Mashine ikiamka, vyote vitatu vinadai kwa pamoja. Chomeka diski moja kwa moja kwenye poti ya kompyuta, badilisha na waya uwe mfupi, ilaze na kuiamsha, halafu leta dmesg hapa.

Fundi Waya
Kwa hili la umeme, msikilize Betri. Na habu tafuta yenye adapta yake.