Ukoo wa Shosho: Jumapili jioni

Baba Ciru: Ciru uko wapi? Mama yako amepasha chakula mara mbili.

Ciru: Tuko Thika Road, Baba, hapa Ruiru. Magari yamesimama. Niko salama, ila miguu si yangu tena.

Anti Nyambura: Asante Mungu. Jana unaandika "tumeamshwa na gaidi saa nane usiku", halafu kimya siku nzima. Presha yangu nusura ipasue mashine!

Ciru: 😂😂 Anti pole! Nilimaanisha "guide", mwelekezi wetu wa Mlima Kenya.

Mjomba Karis: Ndiyo shida ya kuandika Kizungu kwa herufi za Kiswahili. Mlifika kwenye barafu?

Ciru: Mimi nilifika. Kamau aulizwe mwenyewe.

Kamau: Nilifika kambi ya Mackinder's. Mita 4,200. Si mchezo hiyo.

Ciru: Ijumaa tulilala kambi ya Met Station, mita 3,050. Ukitoka hapo msitu unaisha mara moja, kisha Vertical Bog. Jamani! Ni kinamasi kilichoegemezwa mlimani. Unakanyaga kichuguu cha nyasi, kinayumba, mguu unazama hadi gotini. Na ni giza, unaona visigino vya aliye mbele tu.

Kamau: Kiatu changu kilimezwa. Nilisimama na soksi moja kama korongo huku mwelekezi akikichimbua kwa fimbo.

Mama Ciru: Na maji mlikuwa nayo? Ile katoni niliyowanunulia?

Ciru: Ma, zile chupa zilikataliwa langoni. Plastiki za kutumia mara moja hazingii mbugani tangu Juni 2020. Tulijaza chupa za bati za kuazima. Lakini nduma zako ziliokoa watu.

Baba Ciru: Kamau alirudishwa na nini hasa?

Kamau: Kichwa, anko. Kama mtu anatwanga mahindi ndani. Nikatapika chai yote.

Ciru: Mwelekezi akamwambia atembee kisigino kwa kidole kwenye mstari, vile mlevi hupimwa. Kamau akaenda upande. Hakubembelezwa: alishushwa papo hapo na mpagazi mmoja. Dawa ya kwanza ya ule ugonjwa wa kupanda juu haraka ni kushuka, si panadol. Kufikia mchana alikuwa Met Station anadai nduma zaidi.

Kamau: Ukweli ni kwamba tulikimbia. Alhamisi uko Nairobi mita 1,700 hivi, Jumamosi unataka 4,790. Mwili haujaambiwa kitu. Nikirudi nalala siku mbili njiani, mnicheke.

Anti Nyambura: Hatucheki. Ciru endelea.

Ciru: Baada ya Mackinder's ni changarawe tupu, hatua moja mbele, nusu nyuma. Nilikuwa nahesabu hatua ishirini, napumzika, ishirini tena. Saa tano kasoro tukatokea kibanda cha Austrian Hut, mita 4,790, na barafu ya Lewis iko hapo chini ya kilele cha Nelion. Nilitarajia nyeupe. Ni ya kijivu, imejaa vumbi na mawe, kama barafu iliyobaki kwenye beseni la soda harusi ikiisha. Ukinyamaza unasikia inatona. Tik, tik, kila mahali. Saa sita kamili mwelekezi akasema tunageuka, hata kama mtu analia.

*[Picha]*

Anti Nyambura: Nimemwonyesha Shosho, yuko hapa kwangu Umoja. Anauliza theluji iko wapi. Anasema alipokuwa msichana Kiganjo, alfajiri akienda kukamua, huo mlima, Kirinyaga, ulikuwa mweupe hadi mabegani.

Mjomba Karis: Nyingine ilikuwa theluji ya usiku tu, hiyo huanguka hata leo na kuisha kabla ya mchana. Lakini barafuto zenyewe, zile barafu za kudumu kama Lewis (ndiyo, ni neno la Kiswahili, msinitumie alama za kuuliza), zilikuwa 18 yule Mwingereza Mackinder alipopanda kilele cha Batian mwaka 1899. Moja yao, Gregory, imekwisha kabisa. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilisema zilizobaki huenda zikaisha miaka ya 2030.

Anti Nyambura: Ndiyo maana mfereji wangu umekauka tangu Jumanne!

Mjomba Karis: Nyambura, maji yako mengi yanatoka bwawa la Ndakaini, upande wa milima ya Aberdare. Usisingizie mlima. Hata mto Naro Moru siku hizi unategemea mvua na msitu kuliko barafu. Msitu ukikatwa ndipo tutajuana.

Anti Nyambura: Basi ni wale wa kampuni ya maji. Ngoja, Shosho anasema kitu.

Anti Nyambura: Anataka hiyo picha ikuzwe, iwekwe ukutani kando ya ya Guka.

Ciru: Aki Shosho ❤️ Nitaichapisha kesho.

Anti Nyambura: Anauliza kama kuna ambayo haumo. Anasema kichwa chako kimeziba barafu, na yenyewe imebaki kidogo.

Kamau: 😂😂😂

Ciru: Natafuta. Baba, tumefika Githurai, fungua geti.