Binti yangu hataki maji, anataka soda na juisi za boksi tu: nianzie wapi?

Mama wa Wawili, Dar es Salaam
Salaam wanajukwaa. Nina binti wa miaka 7 aliye darasa la pili, na mdogo wake wa kiume ana miaka 3. Chupa ya maji ninayompakia binti yangu asubuhi hurudi jioni ikiwa imejaa vilevile, ilhali fedha ya matumizi imeishia kwenye soda ya duka lililo mkabala na shule. Nilipopiga marufuku soda nyumbani nikaanza kununua juisi za boksi, nikiamini kwamba kwa vile boksi lina picha ya embe basi kilichomo ni embe, na sasa huyu mdogo halali mpaka apewe boksi lake kitandani. Mwezi uliopita tulimpeleka dada yake kwa daktari wa meno, tukaonyeshwa magego mawili yaliyokwisha kutoboka. Baba yao anasema nawasumbua watoto bure, kwa sababu hata sisi tulikunywa soda na tukakua. Nianzie wapi bila kuigeuza nyumba kuwa ya vilio kila siku?

Afisa Lishe, Morogoro
Pole sana, dada. Mimi ningeanza na boksi la kitandani, kabla hata ya soda ya shuleni. Mtu akilala, mate hupungua kinywani, na mate ndiyo yanayosaidia kuyasafisha meno. Kwa hiyo sukari anayolala nayo mtoto huganda pale usiku kucha, bakteria wakaigeuza kuwa tindikali inayolila jino polepole. Akishapiga mswaki usiku, mpe maji matupu. Atalia siku mbili tatu, lakini mtoto wa miaka 3 husahau upesi kuliko wa miaka 7.

Kuhusu juisi, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2015 liliiweka sukari ya juisi kapu moja na ile ya soda, hata kama juisi hiyo umeikamua mwenyewe bila kutia chochote, na asali imo humo humo. Ushauri ni kwamba sukari ya aina hiyo iwe chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana chini ya asilimia 5. Kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,600 hivi, asilimia 10 ni gramu 40 na asilimia 5 ni gramu 20. Soda ya kola ya mililita 350 peke yake ina gramu 37 hivi, yaani karibu vijiko 9 vya chai. Tunda zima halimo katika hesabu hiyo, wala maziwa yasiyotiwa sukari. Mtoto akila chungwa moja na nyama yake yote hupata nyuzinyuzi na kushiba kiasi, lakini glasi ya juisi humeza machungwa matatu na dakika kumi baadaye bado analia njaa.

Leo ligeuze hilo boksi, utafute kiasi cha sukari kwa kila mililita 100, kisha uzidishe kulingana na ujazo wake. Na kwa kuwa naliona sana kazini, niongeze hili: mtoto anayeharisha apewe ORS, yaani ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji, asipewe soda, hata ile iliyotolewa gesi, kwani wingi wa sukari unaweza kumzidishia kuharisha.

Bibi wa Tanga
Mwanangu, wajukuu wangu wakija likizo kutoka huko kwenu, siku ya kwanza huuliza soda iko wapi. Nami huwaonyesha mtungi. Maji huchemshwa, yakapoa, ndipo nikayamimina humo baada ya kuufukiza mtungi kwa ubani. Udongo hutoka jasho, maji yakawa baridi, na harufu ile huwafanya wagombanie zamu. Kata huishika mimi tu, wao huleta vikombe vyao.

Mumeo mwambie kwamba soda tuliyokua nayo ilikuwa ya Idi na ya arusi, chupa moja watu watatu, na kaka mkubwa akiinama kukagua kina cha kila glasi.

Baba Mombasa
Shikamoo bibi, hilo la ubani nimelichukua.

Kwangu tatizo halikuanzia dukani, lilianzia kwenye chai. Kila kikombe kilitiwa vijiko vitatu, kwa hiyo maji yangewezaje kuwa na ladha? Tulipunguza nusu kijiko kila baada ya wiki mbili, na hakuna aliyegundua isipokuwa mama yangu mzazi. Ukwaju na ubuyu tukaufanyia vivyo hivyo, maana kwa sukari tuliyokuwa tukitia haukuwa na tofauti kubwa na soda. Siku ya madafu, huo ndio utamu wa siku. Lakini kabla ya hayo ilinibidi kuacha kurudi kutoka kazini na chupa ya soda mkononi, kwa sababu mwanangu aliniuliza kama meno ya watu wazima hayaozi.

Mama wa Wawili, Dar es Salaam
Nawashukuru nyote, na bibi shikamoo. Boksi nililigeuza: mililita 250, gramu 12 za sukari kwa kila 100, yaani gramu 30. Binti yangu alizipima mwenyewe, vijiko saba na nusu ndani ya glasi tupu, akaiweka mbele ya baba yake naye akaitazama bila kusema neno. Mdogo wake alichovya kidole akaramba. Kitandani alilia usiku wa kwanza na wa pili. Wa tatu alilala na kikombe cha maji mkononi, godoro likalowa. Fedha ya matumizi bado ni mtihani, lakini tumekubaliana soda iwe ya Jumamosi, chupa moja kwa wote wawili.

Mtungi nimenunua jana. Bibi, unafukizwa ukiwa mkavu au ukiwa na unyevu?

Bibi wa Tanga
Marahaba. Mkavu kabisa, mwanangu. Uusuuze kwanza, uuanike, kisha uufunike kinywa chini juu ya chetezo mpaka moshi uishe.