Kimondo cha Ivuna: glisini hii ni ya angani au ya duniani?

kokoto_la_rukwa: Wakuu, nusu gramu ya unga wa Ivuna (kile kilichoanguka Tanganyika 1938) imechemshwa kwenye maji ya 100°C kwa saa 24, ndani ya ampuli iliyofungwa. Asidi amino za glisini na beta-alanini zimejaa, alanini kidogo. Hizo mbili hazina umbo la kushoto wala la kulia, kwa hiyo uwiano wa D (la kulia) kwa L (la kushoto) hausaidii. Tutazitofautishaje na uchafu wa makabatini?

Mizani: Pima kaboni-13 (kaboni nzito) ya kila asidi amino peke yake, si ya unga mzima. Kwenye Orgueil, kimondo ndugu yake Ivuna, glisini ilitoka +22 kwa elfu (juu ya kipimo sanifu cha kaboni) na beta-alanini +18. Za viumbe wa duniani kwa kawaida ziko chini ya sifuri. Ugumu uko hapa: ili glisini ipite kwenye kromatografia ya gesi (mashine inayotenganisha kemikali zikiwa mvuke), unaivika vikundi vya isopropili na trifluoroasetili, yaani kaboni 5 za vitendanishi vya chupani juu ya 2 za kimondo. Andaa glisini sanifu, unayoijua thamani yake, kwa vitendanishi vilevile siku ileile. Bila hivyo hesabu ya kuziondoa hizo 5 haina maana. Kilele cha glisini kwenye grafu kisome chote. Molekuli zenye kaboni-13 hutangulia kidogo kutoka, ukikata ukingo jibu linahama. Nusu gramu inabana, maana glisini ya Ivuna haifiki hata mikrogramu 1 kwa gramu.

sampuli_tupu: Alanini hiyo kidogo ndiyo shahidi wako. D na L zikikaribiana, vizuri. Viumbe hutumia L, kwa hiyo L ikizidi sana, na asidi amino za serini na glutamiki zikawa L karibu tupu, umepima vidole na udongo. Beta-alanini nayo isikulevye: bakteria huitengeneza kutokana na asidi ya aspartiki. Kama sampuli tupu, pitisha serpentini (madini ya mwamba) iliyochomwa 500°C usiku kucha kwenye hatua zote, kuanzia maji hadi asidi hidrokloriki. Ikitokea asidi ya 6-aminokaproiki, ambayo hutoka kwenye nailoni, tafuta mfuko wa nailoni.

kokoto_la_rukwa: Asante. Mbona kimondo cha Murchison kina asidi amino ya isovalini tele na hapa karibu hakuna?

Mizani: Isovalini hutaka ketoni, sianidi ya haidrojeni na amonia zikutane majini. Beta-alanini ina njia nyingine, amonia juu ya akrilonitrili. Malighafi zilitofautiana, na Ivuna ilibadilishwa na maji zaidi kuliko Murchison. Mwaka 2001 ilipendekezwa kuwa chanzo cha Ivuna na Orgueil ni kometi; mimi ningesita, kwa sababu gramu 5.4 zilizoletwa 2020 kutoka asteroidi Ryugu zinafanana mno na kundi la Ivuna.