Nimeuziwa "Jerumani" mwenye mkia wa konokono, halafu naulizwa habari za MASIKIO YANGU!!

Wakuu, mods msiuhamishie uzi huu kwa wafugaji. Hii si mada ya ufugaji, hii ni kesi.

Nimetoka kwake sasa hivi, hata viatu sijavua. Jina sitaji, mnamjua. Yule wa njia ya Bagamoyo, wa kofia ya kauboi, ambaye kila mbwa wake "mama yake alishuka na ndege". Huyo huyo.

Mwezi wa pili nilimpa laki nne na nusu taslimu, bila risiti (najua, msianze), nikakabidhiwa kitoto cha wiki saba. Akaniapia: "Robo tatu German Shepherd, robo Rottweiler. Mwizi akipita mtaa wa pili tu anajikojolea." Kilikuwa kinene, cheusi mgongoni, masikio yamelala. Nikakiita Kaiza. Nikaambiwa masikio yatasimama yenyewe, nisiwe na presha.

Leo Kaiza ana miezi minane. Sikio moja limelala kama kanga kwenye kamba, la pili linasimama saa ya kula tu. Mkia umejikunja juu ya mgongo duara kamili, unaweza kutundika kikombe. Weusi wote umeyeyuka, amebaki rangi ya chai ya maziwa, na soksi nyeupe mguu mmoja kama aliyevaa gizani. Nimempima kwenye mizani ya muuza mkaa: kilo 14. Na huyo mwizi wa kujikojolea alikuja juzi, akabeba ndoo zangu mbili, Kaiza akamsindikiza mpaka getini.

Ndiyo leo nikampakia kwenye bajaji nikampeleka. Nakuta wateja kama sita, wakiwemo wamama wawili wa kanisani kwetu. Nikasema kwa adabu kabisa, ndugu yangu, masikio hayajasimama. Akamtazama Kaiza. Akanitazama mimi. Akamtazama tena Kaiza. Akasema:

"Mbona hata yako, kaka, hayajasimama, na una miaka arobaini?"

Masikio YANGU. Baba wa watoto watatu. Watu walicheka mpaka dereva wa bajaji, niliyemlipa kwa hela yangu, akaegemea bajaji asianguke. Kaiza akatikisa mkia. KAIZA! Ninayemnunulia dagaa!

Picha hizo hapo chini. Wataalamu niambieni huyu ni mchanganyiko wa nini. Na hata kama ni koko mtupu, masikio yangu yanahusikaje?

Kisiki cha Mpingo: Mkuu weka na picha ya masikio yako tulinganishe.

Mama Ubuyu: Nimezikuza picha. Huyo ni robo tatu koko, robo njaa.

Pangaboi: Hii chai. Laki nne na nusu bila risiti kwa yule jamaa? Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia ukalilipia.

Mzee wa Madale: Si chai. Kwa huyo huyo mimi nilichukua "Ridgeback", mstari wa manywele umesimama mgongoni vizuri kabisa. Siku ya pili nikamwogesha, mstari ukaenda na maji. Ilikuwa jeli ya nywele.

Bwana Mifugo: Tuache utani kidogo. Masikio ya German Shepherd kwa kawaida husimama kati ya miezi mitatu na sita, kwa hiyo huyo wa miezi minane usimsubiri sana. Ila hizo "robo tatu" hakuna mtu anayezipima kwa macho. Wamarekani wawili, Scott na Fuller, walipandishia basenji, yule mbwa wa Kongo asiyebweka, na cocker spaniel, yule wa Kizungu wa masikio marefu yaliyolala. Kazi yao ilichapishwa 1965. Ukiwaona watoto wale huwezi kuwataja wazazi. Halafu jike mmoja akipandwa na madume tofauti joto lile lile, uzao mmoja unaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. Jamaa anaweza kukuonyesha baba wa kweli kabisa, ila wa ndugu yake Kaiza. Kipimo cha mate cha kujua asili ya mbwa (DNA) kipo, lakini kinalinganisha zaidi na mbwa wa Kizungu, na hawa wetu wa mtaani si machotara wa hao, ni ukoo wa zamani unaojitegemea. Swali langu: amechanjwa kichaa cha mbwa?

Kisiki cha Mpingo: Daktari, kwa kifupi, masikio ya jamaa yatasimama lini?

Pangaboi: Basenji si ndiye mwenye mkia wa kujikunja, na habweki? Mwizi kapita, kimya. Ndiye!

Mama Ubuyu: Usiseme kwa nguvu, jamaa akisikia atamdai nyongeza.

Mwenye uzi: Nyie chekeni. Jumapili nakaa benchi moja na wale wamama. Mmoja kashanitumia ujumbe, "pole na masikio". Chanjo amepata. Mimi ndiye sijapata haki.

Mzee wa Madale: Kwani yanakuwashaga?

Binti Kologwe: Mbwa una nafuu, kosa linaonekana mapema. Mimi nimeuziwa vifaranga kumi vya kuchi, wale kuku wa kupigana, nimelea miezi sita, ni kroila, kuku chotara. Jogoo anakimbizwa na bata.

Pangaboi: Wewe wa kuku shukuru. Mimi nilinunua miche ya embe dodo, mwaka wa nne huu nala kivuli.

Mama Ubuyu: Muuza miche wako ni yule wa pikipiki nyekundu?

Pangaboi: Huyo huyo!! Na wewe?

Mama Ubuyu: Mimi ilikuwa limao lisilo na mbegu. Limezaa mbegu tupu.

Msukuma Halisi: Kuchi wa kweli njooni Shinyanga, jogoo shingo ndefu, jicho la polisi.

Binti Kologwe: Trei ya mayai bei gani, na unatuma kwa basi?

Msukuma Halisi: Njoo PM.

Mwenye uzi: Wakuu, na Kaiza je?

Binti Kologwe: Anakula kuku?