Kisu cha kukunja cha mkono mmoja: tundu, kinundu au kipembe?

Feri_Mtwara
Wadau, habari za asubuhi. Nataka kununua kisu cha kukunja kinachofunguka kwa mkono mmoja. Kuna jamaa anashuka kutoka Dar Jumamosi, amenitumia picha za visu vitatu. Kimoja kina tundu la duara kwenye bapa, unaweka dole gumba unasukuma. Kingine kina kinundu ubavuni mwa bapa. Cha tatu kina kipembe kinachochomoza nyuma ya mpini, ukikibonyeza kwa kidole cha shahada bapa linafyatuka. Nichukue kipi?

FundiMajengo
Mkuu, cha kazi gani? Bajeti je? Mkono wa kulia au kushoto? Bila hayo kila mtu atakutajia kisu chake.
Mimi natumia cha kipembe. Ni fundi umeme, nikiwa juu ya ngazi mkono mmoja umeshika waya, nikibonyeza tu kimefunguka. Tena kikishafunguka, kile kipembe kinakaa mbele ya vidole, mkono hauwezi kuteleza hadi kwenye makali.

Mkorosho_Newala
Kinundu. Mimi nabebesha mikorosho, yaani naunga vikonyo kwenye miche, siku nzima nafungua na kufunga. Changu kina kinundu pande zote mbili, hata mdogo wangu anayetumia kushoto anakifungua bila shida.

FundiMajengo
Hata tundu linapenya pande zote mbili, kaka. Hiyo si sifa ya kinundu peke yake.

Feri_Mtwara
Samahanini, nimeruka mambo. Ni mvuvi wa mshipi, natoka na mtumbwi usiku. Ndoana ikinasa mwambani au samaki mkubwa akivuta, mkono mmoja unao mshipi na lazima nikate kwa mwingine. Natumia kulia. Bajeti elfu 60.

MzeeMsimbati
Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo, mwanangu. Sasa nisikilize.
Nilikuwa na kisu cha kipembe. Nyumbani kilikuwa kinafyatuka vizuri mno, wajukuu wakawa wananiomba niwaonyeshe. Wakati wa kusi nikatoka nacho. Siku tatu kilikuwa mfukoni mwa bukta, kinalowa na kukauka, sikukiosha. Usiku wa nne mshipi ukanizunguka kifundo cha mkono wa kushoto, na samaki anakwenda. Nikatoa kisu, nikabonyeza. Bapa likatoka nusu, likasimama. Chumvi na mchanga vilikuwa vimeshika pale bapa linapozungukia. Nikakikung'uta kwa nguvu, likaenda mbele, nikadhani limefika. Kumbe kile kibamba cha ndani kinachozuia bapa lisirudi hakikuingia mahali pake. Nilipokaza kukata, bapa likajikunja juu ya vidole vyangu. Mishono mitano, na kidole cha kati mpaka leo hakikunji sawasawa. Mshipi aliukata mwenzangu, kwa panga.
Kipembe kinategemea kasi. Bapa lazima lipate mruko wa kulifikisha mwisho lenyewe. Likiwa zito kwa uchafu, kidole chako kimeshamaliza kazi na huna tena pa kusukumia. Kwenye tundu dole gumba linafuatana na bapa mpaka mwisho. Likiwa gumu unaongeza nguvu, na unasikia kwa kidole kama limefunga au bado. Tena halina kitu cha kunasa kwenye nyavu.

Feri_Mtwara
Shikamoo mzee. Pole sana. Kufunguka nusu sikukufikiria kabisa.

FundiMajengo
Pole mzee wangu. Ila kwa heshima, hapo kosa ni la chumvi. Hata cha tundu kisipooshwa siku tatu kitagoma.

MzeeMsimbati
Kitagoma, lakini kitagomea mkononi mwangu nikijua. Mtumbwini usiku hiyo tofauti ni kubwa, mwanangu.

DadaKilwa
Kwa nini mnahangaika na vya kukunja? Mimi nanunua pweza na samaki ufukweni Kilwa Masoko, wavuvi ninaowaamini wana kisu kizima kwenye ala, kiunoni. Hakina pa kuingia mchanga, hakina cha kugoma. Unachomoa, unakata.

Feri_Mtwara
Ni kweli dada, lakini nikitoka baharini napanda boda kwenda Mikindani, naingia sokoni, naingia benki. Sitaki kutembea na ala kiunoni.

DadaKilwa
Basi kiache mtumbwini, kaka.

Feri_Mtwara
Mtumbwi si wangu.

Mkorosho_Newala
Kuna aina mbili hamjazitaja. Opinel ya Ufaransa, mpini wa mti na pete ya kuzungusha. Mpini ukilowa mti unavimba na bapa linabana, kwa hiyo baharini hapana. Na vile vyenye springi ya kusaidia, ambavyo navyo sivitaki: changu kilifunguka mfukoni nikiwa kwenye pikipiki, kikapasua suruali.
Kuhusu chumvi, mimi natia mafuta ya nazi pale kwenye skrubu, kinateleza mwaka mzima.

FundiMajengo
Mafuta ya nazi Newala? Asubuhi ya Julai yanaganda hadi kwenye chupa! Tia mafuta ya cherehani.

Mkorosho_Newala
Yanaganda, ndiyo, lakini ukikishika mkononi kidogo yanayeyuka. Nami kisu hichohicho wakati mwingine nakatia embe. Mafuta ya cherehani siyataki mdomoni.

DadaKilwa
Hapo namuunga mkono. Kisu kinachogusa samaki kitiwe mafuta yanayolika.

MzeeMsimbati
Kabla ya mafuta ni maji ya kisima. Kila ukirudi, kifungue, kisuuze, kikauke kikiwa wazi.

Feri_Mtwara
Nimeelewa mzee. Jamaa amenijibu: cha tundu ni elfu 55, na kwenye bapa kimeandikwa D2, ndiyo aina ya chuma. Kinafaa baharini?

FundiMajengo
D2 inakaa na makali muda mrefu, lakini haijafikia chuma cha pua. Maji ya chumvi yataitia madoa ya kutu upesi. Je, kile cha kipembe kimeandikwa nini?

Feri_Mtwara
8Cr13MoV.

FundiMajengo
Hicho kinavumilia kutu zaidi, na kukinoa kwenye jiwe la kawaida ni rahisi.

MzeeMsimbati
Kutu naiona na kuisugua. Kipembe sikirudii. Muulize kama ana kingine cha tundu chenye chuma cha pua.

Feri_Mtwara
Nimemuuliza. Ujumbe haujafika, nadhani yuko njiani maeneo ya Somanga.