Farasi anapinda shingo tu, mwili haufuati: nianzie wapi kumfundisha nikiwa chini?

nyayo_nne aliandika:

Hamjambo wapenzi wa farasi. Nina dume aliyehasiwa, miaka saba, mkubwa wa mwili na mpole akiwa bandani. Kabla yangu alipandwa sana na watu wengine. Daktari wa mifugo alimkuta mgongo unamuuma, akamtibu, tandiko likabadilishwa. Kwa sasa haruhusiwi kupandwa, ila daktari anataka afanye mazoezi mepesi, mimi nikiwa chini.

Sasa shida ndiyo hii. Nikitembea kuliani kwake, ananilalia kwa bega hadi nahama njia. Nikihamia kushoto hanisukumi, lakini nikimwomba atembee kiubavu kandokando ya ukuta anapinda shingo mpaka pua inakaribia ubavu, na mwili unaendelea mbele kama vile sikusema kitu. Tukigeuza upande, nikiwa kulia, shingo haipindi kabisa. Nikivuta zaidi anafungua mdomo na kupigapiga mkia.

Mtu mmoja hapa zizini ananiambia nimchape mara moja ajue nani mkubwa. Sitaki, lakini sina njia nyingine ya kumwonyesha. Je, kazi hii ya chini inajenga kitu kweli, au namtembeza tu?

Daudi_zizini alijibu:

Mkuu, huyo anakupima. Mnyama wa kilo mia tano akishajua kwamba unampisha, kesho atakukanyaga. Kila akikusogelea mrudishe nyuma kwa nguvu. Na hayo ya kutembea kiubavu ni mambo ya maonyesho. Mzungushe kwa kamba ndefu nusu saa kila asubuhi, atatulia.

Bi_Zuhura alijibu:

Nyayo, umeanza kwa daktari, na hapo ndipo pa kuanzia siku zote. Farasi anayeumwa hafundishiki, anavumilia tu.

Soma tena ulichoandika, maana jibu umelileta mwenyewe. Ukiwa kulia anakulalia. Ukiwa kushoto shingo inapinda na mwili unapita. Upande wa kulia shingo haitaki kupinda. Umeyaorodhesha kama matatizo matatu, nami naona moja: uzito wake umelala kwenye bega la kulia. Ukisimama upande huo, wewe ndiye ukuta anaouegemea. Ukisimama upande wa pili na kuvuta kichwa, shingo inakuja kwako, na lile bega la kulia linatorokea nje na kuuburuta mwili wote. Ukimwomba apinde kulia, hawezi, kwa sababu huko ndiko alikojishikiza asianguke.

Ndugu Daudi, naheshimu uzoefu wako, na ni kweli farasi hapaswi kumwingilia mtu. Lakini huyu hapimi ukubwa na mtu. Farasi hana mtulinga, ule mfupa unaoshikilia bega kwa mbele. Kifua chake kimening'inia katikati ya miguu ya mbele kwa misuli na kano tupu, hakuna mfupa unaokiunganisha na mabega. Tena akisimama tu, bila mtu mgongoni, miguu ya mbele inabeba karibu asilimia 60 ya uzito wake. Basi misuli ya upande mmoja ikizidiwa, kifua kinazama upande huo na yeye anakwenda huko huko. Ukimchapa atakuogopa, na bega litabaki pale pale. Kumzungusha nusu saa kwa kamba akiwa amelalia bega moja, ndiyo nusu saa ya kuukomaza mwili uliopinda, tena kwa farasi mwenye mgongo unaopona. Hilo naliomba sana lisifanyike.

Nyayo, kwanza mtoe lijamu, kile chuma cha mdomoni, kwenye kazi hii. Kufungua mdomo na kupiga mkia ni lugha, anakwambia mkono wako unamuumiza. Tumia kavesoni, ule mkanda wa puani wenye pete mbele, au hatamu ya kawaida isiyo na chuma, inayomkaa vizuri. Fimbo iwe ndefu na nyepesi, kati ya mita 1.2 na 1.5. Usiione kama kitu cha kupigia. Inaurefusha mkono wako, kwa sababu ukiwa penye shingo huwezi kufika ubavuni bila kupoteza mahali pako.

Kisha achana kabisa na kutembea kiubavu kwa siku kadhaa. Nenda upande wake mgumu, kulia, umsimamishe, ugeukie bega lake. Mkono mmoja ushike kamba karibu na kavesoni kichwa kibaki mbele ya kifua, kisigeukie kwako. Gusa bega kwa kitako cha fimbo na usubiri. Unachoomba ni kimoja: mguu wa mbele wa kulia upite mbele ya ule wa kushoto na kukanyaga. Mguu mmoja, hatua moja. Akiinua tu, mkono wako uwe umeshalegea. Usingoje amalize ndipo umpongeze. Farasi anaunganisha nafuu na kile alichokuwa anafanya wakati ule ule. Ukichelewa hata kidogo umemlipa kwa kitu kingine, pengine kwa kurudi kukuegemea.

Watu wengi hawaamini, lakini kulegeza ndilo somo lenyewe. Kugusa ni swali tu. Ukiendelea kugusa baada ya kujibiwa, swali linageuka kelele, naye atafanya kama sisi sote mbele ya kelele: ataacha kusikiliza. Hapo ndipo watu wanaposema farasi wao ni mzito, na kumtafutia chuma kikali zaidi.

Akishatoa hatua mbili tatu za bega, mpeleke mbele kwa kutembea moja kwa moja, kamba imelegea, apumue. Utaona kichwa kinashuka chenyewe. Kikishuka, mgongo unapata nafasi ya kupanda, na ndicho daktari wako anachokitafuta.

Hatua za bega zikiwa laini, ndipo urudi kushoto na ukutani. Usimtoe kwenye mstari ulionyooka. Tembea mduara mmoja mdogo, wa mita 8 au 10, karibu na ukuta. Ukiumaliza, anza kana kwamba unaingia mduara wa pili: miguu yake ya mbele ikishaacha ukuta kwa hatua moja, mwelekeze aendelee kandokando. Umbo tayari analo kutoka kwenye mduara, huna haja ya kulitengeneza kwa kuvuta. Shingo ipinde kidogo tu, kiasi cha kuona ukope wa jicho la upande wako. Ukiona uso mzima, umezidisha, na bega la nje, lile la upande wa ukuta, limeshaondoka.

Mtu akisimama mbele kwa mbali na kutazama, ataona miguu ikipita njia tatu: mguu wa nyuma wa nje peke yake, mguu wa nyuma wa ndani, yaani wa upande wako, ukifuata nyayo za mguu wa mbele wa nje, na mguu wa mbele wa ndani peke yake. Zikiwa nne, pembe kati ya mwili na ukuta ni kubwa mno kwa farasi anayeanza. Atakwepa kwa kuchapua miguu kiubavu bila kubeba chochote.

Wakati wa kugusa ubavu una siri yake. Mguu wa nyuma uliokwisha kukanyaga umebeba uzito, hauwezi kwenda popote. Ukiguswa hapo unakakamaa. Gusa unapotaka kunyanyuka. Tazama tumbo: mguu wa nyuma wa kushoto ukienda mbele, tumbo linayumba kulia. Tazama na bega: bega la upande wako linaporudi nyuma, mguu wa nyuma wa upande huo huo unakaribia kuacha ardhi. Tembea naye bila kuomba lolote mpaka macho yako yazoee mwendo huo. Kwa kazi hii macho yana thamani kuliko mikono.

Na kuhusu maonyesho. Zoezi hili la kutembea kiubavu, linaloitwa bega ndani, lilikamilishwa na mwalimu wa upandaji, Mfaransa La Guérinière, aliyeliandika mwaka 1733, naye alilitafuta kwa ajili ya kulegeza mabega na kumfundisha mguu wa nyuma kuingia chini ya mwili. Vienna, kwenye shule ya upandaji ambayo mizizi yake ni karne ya 16, madume ya aina ya Lipizzaner hufundishwa mambo mengi mazito kwa mkono kutoka chini, kabla ya mpandaji kuongezwa. Mnyama anapewa nafasi ya kutafuta mizani yake mwenyewe akiwa hana mzigo. Farasi wa Nyayo, mwenye mgongo unaouma, anaihitaji nafasi hiyo kuliko dume yeyote wa maonyesho.

Fatma_kwato alijibu:

Naongezea ya usalama, maana hii kazi inakuweka karibu sana na miguu. Kamba usiizungushe mkononi hata mara moja. Ikunje ishikike katikati ya mikunjo, akishtuka iteleze. Glavu, kofia ngumu, viatu vilivyofunika vidole. Usisimame mbele ya paji la uso, pale hakuoni. Kaa penye bega, ukiwa na nafasi ya kurudi nyuma.

Kavesoni ikae juu kwenye mfupa wa pua, vidole viwili hivi chini ya mfupa wa shavu. Ikishuka chini inakuta sehemu laini na kumkaba pumzi. Isimfunge taya, aweze kutafuna.

Daudi_zizini alijibu:

Bi Zuhura nimekusoma. La kumzungusha kwa kamba nakubali, sikuwa nimeutazama mgongo. Lakini farasi akimlalia Nyayo leo, kabla hajajua hayo mazoezi, Nyayo afanyeje? Atamkanyaga.

Bi_Zuhura alijibu:

Swali la haki hilo. Asimsukume, maana farasi akisukumwa naye husukuma, na hapo kilo zake zitashinda. Akianza kulala, Nyayo ageuke amtazame bega, akomeshe mwendo, aombe ile hatua moja ya kwenda kushoto, kisha waendelee. Kila akilala, jibu ni hilo hilo, kwa sauti ile ile, bila hasira. Kurudi nyuma hatua moja si vibaya pia, ila iwe hatua ya kuombwa. Ukimrudisha kwa nguvu anainua kichwa na kukaza mgongo, na hilo ndilo tunalokimbia. Njia ikiwa nyembamba au kuna kitu kinachomtisha, atembee upande wa kushoto na aache mafundisho kwa siku nyingine.

nyayo_nne alijibu:

Shikamoo Bi Zuhura, na ahsanteni nyote. Nimetoa lijamu, nimeazima kavesoni, na nimefanya bega la kulia peke yake wiki nzima. Siku za mwanzo alisimama tu akinitazama. Kisha mguu ukavuka, nikalegeza, akashusha kichwa na kupumua kwa nguvu puani. Nilitaka kulia. Sasa nikitembea kuliani kwake ananipa nafasi yangu, ila akichoka anarudia.

Lakini ukutani, kushoto, tunapata hatua mbili nzuri, halafu anaharakisha. Miguu inakimbilia mbele, mimi nakimbia kando yake. Tena nikimsogelea na fimbo anaanza kabla sijaomba. Nikaze kamba?

Bi_Zuhura alijibu:

Marahaba mwanangu. Usikaze. Hatua mbili nzuri ndizo anazoziweza leo. Ya tatu inamchosha mguu wa ndani, na kukimbia ni njia yake ya kuutua mzigo. Basi omba mbili na usimame *kabla* ya ya tatu. Msimamishe kwa mwili wako: punguza mwendo, toa pumzi, simama, kamba iwe ya mwisho kusema. Akisimama, ngoja. Mwache asimame akiwa amelegea kabla hujaomba tena. Hatua ya tatu itakuja siku mguu ukiwa na nguvu, nawe utaijua kwa sababu haitabadilisha mdundo. Mwendo wa kutembea una vishindo vinne vinavyolingana. Uvisikilize. Vikianza kugongana viwili viwili, umevuka uwezo wake.

Kuanza kabla hujaomba ni dalili kwamba fimbo imekuwa ishara ya "nenda". Mpapase nayo mgongoni, shingoni, miguuni, ukiwa umesimama na huombi kitu, mpaka aelewe kwamba fimbo kuwepo si amri. Ndipo mguso kwenye ubavu utakuwa na maana yake pekee.

Dakika kumi na tano kwa siku zinatosha, na katikati yake mapumziko mengi ya kutembea kamba ikiwa ndefu. Pande zote mbili zifanyiwe kazi, ila anza na umalizie upande anaouweza. Mwendo wa matiti, yaani ule wa kukimbia polepole, uache kwanza. Na kila juma mpapase misuli ya mgongo, kutoka mabegani hadi kiunoni, kwa kiganja kilicholala. Akikwepa mkono, au akianza tena kukulalia kulia wakati alikuwa ameacha, simamisha kila kitu na umwite daktari kabla ya kuniandikia mimi.