Kamba koche wa Australia wamerudi China: ni waziri mkuu mpya au biashara tu?

Mchuuzi_Kirumba
Wakuu, naomba kueleweshwa. Mimi nanunua na kuuza mabondo (vibofu vya sangara) hapa soko la samaki la Mwaloni, Mwanza, na mzigo wetu mwishowe unaliwa na Wachina, kwa hiyo habari za kwao lazima nizifuatilie. Mwaka 2020 waziri mkuu wa Australia, Scott Morrison, alidai uchunguzi huru wa chanzo cha korona. Beijing ikanuna. Shayiri ya Australia ikapigwa ushuru wa asilimia 80.5, mvinyo ukapita asilimia 200, kamba koche wakakwama forodhani. Mei 2022 akaingia waziri mkuu mpya, Anthony Albanese, na kufikia mwisho wa 2024 vyote vimefunguliwa. Kweli mtu mmoja anaweza kugeuza mambo hivyo?

Bwiru_Kwetu
Kaka, kilichogeuka ni mdomo. Huawei, kampuni ya simu ya China, ilizuiwa kwenye mtandao wa 5G wa Australia tangu 2018, enzi za waziri mkuu Turnbull, na Albanese hajaifungulia. Nyambizi za AUKUS (mpango wa ulinzi wa Australia, Uingereza na Marekani) alizotangaza Morrison 2021, Albanese huyohuyo mpole alisimama San Diego Machi 2023 na Biden na Sunak kuzipangia utaratibu. Ameacha tu kuisema China majukwaani, akaonana na rais wa China, Xi, kule Bali, mwaka uliofuata akaenda Beijing. Na bado kamba walisubiri zaidi ya miaka miwili!

Mzee_wa_Igoma
Mmesahau chuma, wadogo zangu. Shayiri ilipokuwa inapigwa, madini ya chuma ya Australia yaliendelea kupakiwa melini kama kawaida, maana viwanda vya China visingepata pengine pa kuyatoa kwa wingi ule. Mkubwa akitaka kukuadhibu hugusa kile anachoweza kulala bila kukila. Kamba koche ni chakula cha karamu.

Ila Ufilipino ni habari nyingine. Rais Aquino aliishtaki China kuhusu bahari wanayogombania, hukumu ikatoka Julai 2016 rais mpya Duterte akiwa ameshaingia, naye akaiweka kando akaenda Beijing Oktoba. Rais Marcos kaja 2022, mwaka uliofuata kawaongezea Wamarekani kambi nne za kutumia. Pale mtu alibadilika na sera ikabadilika, siwezi kubisha.

Mchuuzi_Kirumba
Shikamoo mzee. Sasa mabondo yako kundi la kamba au la chuma?

Mzee_wa_Igoma
Marahaba. La kamba, na usibishe.

Mchuuzi_Kirumba
Haya. Ngoja niongee na wanaopeleka dagaa Kongo.